Bombone tupu haiko tupu: maji kwanza, moto nyuma

Wakati wa kiangazi, njia ya Kasongo kwenda Kabambare ikikauka, pikipiki za mitraye zinaanza kupita. Zinabeba jante, springi za kamio, mabomba, vipande vya katapila, na siku hizi bombone nyingi za gazi: zile fupi za kupikia, zile ndefu za oksijeni zilizotoka kwenye magaraji, na zingine ambazo hakuna mtu anayejua zilikuwa na nini ndani. Nyingi zinashushwa mbele ya atelie za masudere wa Kasongo mjini. Zingine zinaendelea mpaka Salamabila, karibu na Namoya, pale chuma kinapotafutwa kuliko sukari.

Wateja wake ni nani? Ni sisi watu wa mashimo, tusijifiche. Mama watwangaji wanataka kinu cha chuma kisichopasuka wanapotwanga mawe ya zahabu. PDG wa shimo anataka ndoo nzito ya kuvutia udongo. Bibi ya mchimbaji anataka mbabula yenye kudumu miaka mitano, kuliko ile ya bati inayotoboka kabla ya mvua. Na pasta anataka kengele. Kwa hayo yote bombone ni chuma kizuri. Ile ya kupikia iko na unene wa milimita 3 hivi. Ya oksijeni inaweza kufika milimita 6 mpaka 8, haina kiungo ubavuni, na kitako chake kimekwisha kuviringishwa kama cha kinu. Fundi anabaki na kazi moja tu: kukata.

Hapo kwa kukata ndipo sisi wa sendika tunataka kusema neno. Kazi hii inafanywa mjini, mbali na shimo, na watu wanafikiri haituhusu. Lakini komande inatoka kwetu, na haraka pia inatoka kwetu.

Tupu ya mpishi na tupu ya fundi

Muuzaji akifika na bombone anasema: "Papa fundi, hii iko tupu, tulishapika nayo mpaka moto ukazimika." Hasemi uongo. Kwa mtu wa jikoni, bombone tupu ni ile isiyowasha tena moto. Kwa mtu mwenye shalimo mkononi, neno hilo hilo linaweza kumtoa macho.

Tufanye hesabu. Bombone ya kupikia ya kilo 12 na nusu, ukiijaza maji, inapokea litre 26 hivi. Gazi ikiacha kutoka, maana yake ni kwamba nguvu ya ndani imelingana na nguvu ya hewa ya inje. Zile litre 26 bado ziko humo, zimejaa gazi. Gazi ya butane inashika moto kwa kishindo ikichanganyika na hewa kiasi cha 2 mpaka 8 kwa 100. Mbili kwa 100 ya litre 26 ni nusu litre ya gazi. Na ile nusu litre, kama ingekuwa bado maji-maji chini ya bombone, ingekuwa gramu moja na robo, chini ya nusu kijiko cha chai. Ndugu wachimbaji, gramu moja na robo munaijua: ni uzito ambao mnunuzi wa zahabu anauweka kwa mizani kila siku. Hiyo inatosha kuifanya bombone nzima kuwa bomu.

Sasa angalia kitu ambacho watu wengi hawaamini. Bombone iliyojaa gazi safi, bila hewa ndani, haina kishindo ndani yake, sababu moto unahitaji hewa. Gazi itawaka pale inapotokea tu, na hiyo pia ni hatari kubwa. Ile "tupu", iliyokaa robine wazi miezi mitatu nyuma ya nyumba, hewa imekwisha kuingia. Hiyo njo iko na mchanganyiko kamili. Cheche ya diski ikiingia, nguvu ya ndani inapanda mara 7 au 8 kwa dakika isiyohesabika, moto unatoka tunduni kama mkuki, na fundi ameinama hapo hapo, uso juu ya tundu.

Kuna jambo la pili. Chini ya bombone za kupikia kunabaki mafuta machafu yenye harufu. Hayatoki kwa robine. Ukiyaacha baridi yanalala. Ukiyapasha na shalimo yanakuwa mvuke tena. Ndiyo maana fundi anaweza kukata nusu ya kwanza salama, akafurahi, kisha nusu ya pili ikamlipukia. Kusema "nimeiacha wazi wiki mbili" hakusaidii.

Na jambo la tatu mtu wa shimo analielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Butane ni nzito karibu mara mbili kuliko hewa. Haipandi, inashuka. Inatembea chini kama maji, inaingia mtaroni, inaingia chini ya mlango, inalala ndani ya shimo kama ile hewa mbaya tunayoijua, ile inayozima mshumaa. Mtu akifungua robine karibu na mdomo wa shimo akidhani upepo utaondoa gazi, anaituma chini kwa wenzake.

Wale wanaosema "ni kidogo tu, haiwezi kitu" wakumbuke Sange, kule Kivu ya Kusini, kwenye njia ya Uvira na Bukavu. Tarehe 2 Julai 2010 kamio ya sisterne ilipinduka pale, petroli ikamwagika, watu wakakaribia, wengine na bido za kuteka. Wengine hata hawakukaribia: walikuwa wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia katika nyumba ya video. Mvuke ukashika moto. Walikufa watu zaidi ya 230. Mvuke wa petroli nao ni mzito, nao unatambaa chini ukitafuta moto, hata kama moto uko mbali.

Zile za kukataa kabisa

Kabla ya kusema namna ya kukata, tuseme zile ambazo fundi anapaswa kurudisha mlangoni, hata mteja akiongeza pesa.

Ya kwanza ni asetilene, ile inayokwenda pamoja na oksijeni kwa kazi ya shalimo. Ndani yake haiko wazi kama zingine. Imejazwa kitu kigumu chenye matundu madogo kama sponji, na hicho kimekunywa asetoni, na asetoni imekunywa gazi. Uifungue mwaka mzima, bado inatoa gazi kidogo kidogo. Maji hayawezi kuisafisha, sababu hakuna nafasi ya maji kuingia. Na katika zile za zamani, kitu kile kiko na amianti, vumbi inayoharibu mapafu miaka mingi baadaye. Utaijua namna gani? Ni nzito hata ikiisha, na ukiigonga na fundo la kidole haiimbi, inatoa sauti ya mtu aliyeshiba. Rangi yake ya kawaida ni maron mabegani, na ya oksijeni ni nyeupe, lakini kwetu rangi imepakwa mara tatu, nne, kila mwenye mali na rangi yake. Rangi inasaidia kuogopa, haisaidii kuamini.

Ya pili, kila chupa ambayo haijulikani ilikuwa na nini. Kuna klori ya kusafishia maji, kuna amoniaki ya mafrigo makubwa. Hizo zinaua kwa pumzi, bila moto. Chupa za gazi ya frigo na klimatizere watu wanazidharau kwa sababu gazi yake nyingi haiwaki. Kweli, haiwaki vizuri, lakini ikipita kwenye moto wa shalimo inaweza kutoa fosijeni, moshi ule ule uliotumiwa kuua askari katika vita vya 1914-1918. Fundi anasikia koo inakauka kidogo, anarudi nyumbani, usiku mapafu yanajaa maji.

Ya tatu, robine iliyokwama. Usiipige nyundo. Bombone ya oksijeni ikijaa iko na bar 200 ndani. Hata ikibaki na robo, robine ikiruka inapita ukuta wa matofali mabichi. Ile chupa nyekundu ya kuzimia moto, estenteri, nayo watoto wanaiokota. Ya CO2 iko na zaidi ya bar 50, na jua likiipiga nguvu inapanda. Ya unga mara nyingi iko na kachupa kadogo ka gazi kaliko ndani ya chupa kubwa. Unaona unga umetoka, unafikiri imekwisha, kumbe kale kadogo bado kamejaa.

Na kuna kitu ambacho si bombone lakini kinaletwa na bombone. Kusini ya Maniema imeona vita vingi. Chuma kirefu, kinene, kizito, bila robine, chenye ncha au chenye mabawa ya nyuma, hicho ni obus. Hakuna fundi wa obus katika atelie. Usikisogeze, weka watu mbali, peleka habari kwa wakubwa wa kijiji na kwa serikali.

Tena tuseme wazi: bombone ndefu za oksijeni na asetilene mara nyingi ni mali ya kampuni inayojaza gazi, mteja analipa kosinye tu. Ikifika kwa fundi bila karatasi, siku ingine imeibiwa. Mara nyingi kuirudisha kunalipa kuliko kuikata.

Mzee na msumeno wake

Katika Kasongo tulikwenda kuketi na sudere mmoja mzee, ambaye vijana wanamcheka kwa sababu anakata bombone ya kupikia siku mbili wakati wao wanakata kwa nusu saa. Hakuenda shule ya ufundi. Tulimwuliza alijifunza wapi. Akasema: "Baba yangu alikuwa anatengeneza mapipa ya mafuta. Aliniambia, mutoto, chuma hakina kelele mpaka siku yake." Halafu akatuonyesha.

Kwanza anapima. Kwenye shingo au mabegani mwa bombone kumeandikwa tara, uzito wa chuma peke yake. Anaiweka kwa mizani. Ikizidi tara hata nusu kilo, ndani bado kuna kitu, gazi au maji machafu, na haigusi na ufunguo. Sisi wenye kuuza kwa mizani kila siku, hatukuwahi kufikiria kupima bombone!

Kisha anaitoa mahali peupe, palipoinuka, penye upepo, mbali na mbabula, mbali na grupe, mbali na mtu mwenye sigara. Anafungua robine. Hapa kuna mtego: robine za siku hizi nyingi ziko na springi ndani, hazifunguki mpaka detandere ivalishwe. Ukizungusha na usisikie pshhh, usiseme imekwisha. Mzee anavalisha detandere ya zamani isiyo na mpira, anaiacha hapo. Yeye anasimama pembeni. Mbele ya robine hasimami kamwe.

Siku inayofuata anaifunga bombone kwa kamba kwenye nguzo, anashika ufunguo mrefu, anazungusha robine kwenda kushoto polepole. Ikilia, anaacha, anangoja. Ikinyamaza, anaendelea. Robine ikitoka, chupa inabaki na tundu la juu, na kuanzia hapo hakuna kitu cha kuifunga tena.

Halafu maji. Anajaza mpaka juu kabisa, mpaka yanamwagika. Maji yakiingia gazi inatoka, sababu viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Hiyo ndiyo siri yote. Anaweka sabuni ya unga, anaitikisa na kijana wake, wanamwaga mbali na kisima, wanajaza tena. Maji ya kwanza yananuka sana, ile harufu wanayoitia makusudi gazini ili mtu aijue ikivuja. Anarudia mara tatu, nne, kisha anaiacha imejaa usiku kucha. Tulimwuliza kama harufu ikiisha inatosha. Akasema: "Pua inachoka, yaya. Mimi siamini pua, naamini maji."

Asubuhi anaijaza tena mpaka mdomoni, na kukata kwa kwanza anakata na msumeno wa chuma wa mkono. Ndiyo, wa mkono. Hakuna cheche, hakuna umeme. Mashine ya diski na maji na grupe pamoja ni ajali ya aina ingine, umeme unapita kwenye maji mpaka mwilini. Jino la msumeno likipenya, maji yanatoka kidogo. Hana shida, anaendelea kuzunguka. Vijana wanacheka hapo. Inachukua saa nzima na jasho. Lakini chupa ikigawanyika vipande viwili, imekuwa sahani mbili, kila mtu anaona ndani. Anazikwangua, anazisugua na mchanga na sabuni mpaka yale mafuta meusi yanaisha. Kisha tu ndipo shalimo au diski inaruhusiwa kukaribia.

Kama chuma ni kinene na lazima shalimo, anatufundisha hivi: robine imekwisha kutoka, chupa imekwisha kuoshwa, unaijaza maji mpaka chini kidogo ya mstari wa kukata, ili nafasi ya hewa iwe ndogo sana. Na tundu la juu libaki wazi daima. Ukiliziba, maji yatachemka, mvuke utakosa njia, na utakuwa umetengeneza bomu ingine kwa maji yale yale ya kujikinga.

Tulimwuliza juu ya zile namna mbili zinazosifiwa sokoni. Moja ni kutupa bombone motoni "ili gazi iungue". Alitikisa kichwa tu. Bombone iliyofungwa ndani ya moto inapasuka, hakuna mjadala. Ingine ni kuingiza moshi wa pikipiki ndani, eti moshi unafukuza hewa. Moshi wa injini unabeba hewa pia, na hakuna anayejua umefika kiasi gani. Maji unayaona yakimwagika mdomoni. Moshi hauna kipimo.

Pipa na karbire

Mambo yote ya juu yanahusu pipa la litre 200 pia, hata zaidi, kwa sababu pipa ni jembamba na kitako chake kinaruka kama sahani. Watu wanaogopa pipa la petroli lakini wanachezea la mazutu, eti mazutu haiwaki ovyo. Baridi haiwaki ovyo, kweli. Shalimo ikilipasha, mazutu ya ukutani inakuwa mvuke, na mvuke huo unalipuka sawa na mwingine. Fungua vifuniko vyote viwili, osha, jaza maji. Mapipa yaliyobeba sianidi ya kusafishia zahabu, hayo hatukati, hatuwekei maji ya kunywa, hatupandi maua ndani.

Kuhusu karbire tutasema kidogo, ingawa wazee wetu waliijua vizuri kwa taa zao za kuingia shimoni. Sudere wengi wa kwetu hawana bombone ya asetilene. Wanatengeneza gazi wenyewe kwa karbire na maji. Kilo moja inatoa gazi litre 300 hivi. Asetilene hiyo inashika moto hata ikiwa 2 na nusu kwa 100 ya hewa, na ikibanwa kupita bar moja na nusu inaweza kulipuka bila hata cheche. Kwa hiyo mtu anaweza kuosha bombone vizuri kabisa, halafu akauawa na kile chombo cha karbire kilicho nyuma yake, kisicho na kizuizi cha kuzuia moto kurudi. Kiwekwe mbali, kivulini, inje, na mpira uwe mrefu. Na vipande vyake visiwe vya shaba nyekundu, sababu shaba na asetilene vinazaa kitu chenye kulipuka kwa kuguswa tu.

Nani analipa siku ya pili?

Sasa turudi kwa haraka yetu. PDG anafika kwa fundi na kusema: "Nataka kinu kesho, kama huwezi naenda kwa mwingine." Fundi anajua namna ya maji inaomba siku mbili. Anajua pia kwamba jirani atakata jioni hii. Kwa hiyo anamwita kijana wa miaka 14, anamwambia: "Shika hapa." Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakataza kazi za hatari kwa watoto chini ya miaka 18, na inamlazimisha mwajiri kulinda usalama wa mfanyakazi. Mfanyakazi aliyeandikishwa CNSS, akiumia kazini, iko na haki ya kutunzwa. Lakini kijana wa atelie hakuandikishwa popote. Akiungua, mama yake ndiye CNSS yake: anauza mbuzi, anauza shamba la mihogo.

Tunaomba hivi, na tumeanza kuyasema katika mikutano na kooperative. Kooperative inayonunua kinu au ndoo ya bombone ilipe siku ya maji, iandikwe kabisa kwenye bei, ili fundi asipoteze kwa kuwa mwangalifu. Muuzaji wa mitraye asishushe bombone yenye robine iliyofungwa Salamabila wala Kasongo. Atoe robine kule alikonunua, mbele ya mtu anayejua. Makampuni na magaraji yanayotupa bombone zao yaziondoe robine na kuzitoboa kabla ya kuziacha inje ya uzio, kwa sababu uzio wa Kongo hauzuii mtoto mwenye njaa. Na watu wa SAEMAPE, ambao kazi yao ni kusaidia wachimbaji wa mikono, wanapokuja kufundisha juu ya mashimo waongeze saa moja juu ya atelie. Chuma kinachoingia shimoni kinatoka huko.

Siku ile ikitokea, fanyeni hivi. Maji safi ya baridi, yanayotiririka, juu ya kidonda dakika 20. Toeni pete na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoshika ngozini msiivute. Funikeni na kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Hakuna mawese, hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna majani. Aliyeungua usoni na sauti yake ikabadilika, huyo ndiye wa kwanza kupanda pikipiki, hata kama anatembea na kusema hana maumivu.

Swali kutoka Salamabila

Wachimbaji wametuuliza kama bombone ya kupikia inaweza kuwa tangi la kompresa, kwani chuma chake kinapimwa kwa bar 30 kiwandani na kompresa zao hazipiti bar 8. Kwa kujaza magurudumu ya pikipiki, bombone iliyooshwa vizuri, ambayo haikukatwa, yenye supape ya kuachia hewa ikizidi na tundu la chini la kutoa maji ya kutu, fundi mzuri anaweza kuitengeneza. Ijaribiwe kwanza kwa kuijaza maji na kuisukuma kwa pompi, si kwa hewa: tangi la maji likipasuka linamwaga, la hewa linarusha vipande. Bombone iliyokatwa na kusudiwa tena, hapana, ile bar 30 haiko yake tena.

Kwa kupeleka hewa shimoni, hapana kwa bombone zote za gazi. Yale mafuta machafu yakibaki hata kidogo, joto la kompresa linayaamsha, na mpira unayapeleka moja kwa moja mpaka chini, mita 40, pale wenzetu wamelala ubavuni na taa usoni. Tangi la hewa ya watu linunuliwe tangi, hata la okazio, na mdomo wa kuvutia hewa uwekwe mbali na moshi wa injini, upande upepo unakotoka.